Testi zote zinapita, mbona oda ya dagaa imefutwa?

SWALI: Kaka shikamoo, niko hapa Kirumba Mwanza, nimetengeneza mfumo wa Flask (zana ya Python ya kutengenezea tovuti) wa kupokea oda za dagaa pale Mwaloni. Testi zote zinapita, kavareji (asilimia ya mistari ya programu iliyopitiwa na testi) inasoma 94%, lakini juzi mtu asiye na hata akaunti kafuta oda ya mama mmoja wa Bukoba, magunia 12 yakaachwa na meli. Na testi ya kufuta ninayo! Nitajuaje kweli ruti zote (anuani za mfumo) zimepimwa? Msomaji, Kirumba

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na pole sana, mpe pole na huyo mama. Hiyo 94% inahesabu mistari ya programu, haihesabu ruti, na mstari wa @app.route unahesabiwa umepita pale faili linaposomwa tu hata kama hakuna testi iliyogusa hiyo anuani. Nahisi testi yako inaita funksheni ya kufuta moja kwa moja badala ya kupiga anuani kwa test_client, kivinjari cha bandia cha Flask cha kupimia. Cheki dekoreta zako, ile mistari ya @ juu ya funksheni: @app.route lazima ikae juu kabisa, ukiweka @login_required (inayodai mtu aingie kwanza) juu yake Flask inasajili funksheni isiyo na ulinzi, kwa hiyo testi inakuta mlango umefungwa wakati mtu wa nje anapita tu.

Orodha ya ruti usiiandike kwa mkono, utasahau, iombe kwa mfumo wenyewe: app.url_map.iter_rules() inakupa zote na method zake (GET ya kusoma, POST ya kutuma). Halafu kwenye testi weka after_request inayodaka request.url_rule, method na namba ya jibu kila ombi likipita, na mwisho kabisa, kwenye pytest_sessionfinish, toa zilizopigwa kwenye zilizosajiliwa, zinazobaki ndo hazijaguswa na hapo testi zifeli. GET na POST hesabu kando hata kama anuani ni moja. HEAD, OPTIONS na static achana nazo, Flask inaziweka yenyewe.

Ila jibu la 302 la kumrudisha mtu kwenye ukurasa wa kuingia usilihesabu kuwa umepima, ruti imeguswa lakini funksheni ya ndani haijafanya kazi. Mimi kwa kila ruti yenye ulinzi nataka testi mbili, mwenye akaunti apite na mgeni arudishwe, na kwa ya kufuta testi iende hadi kwenye hifadhidata kuangalia oda ambayo mgeni alijaribu kuifuta bado ipo. Hiyo ya kufuta irekebishe leo leo. Zingine zimalize kipindi cha mbalamwezi, wavuvi wa dagaa wakiwa wamepumzika na oda ni chache.