Jiografia kwa anayeanza upya: nilivyoielewa kwenye njia ya Mombo kwenda Lushoto

Mkuu, umesema uko Dodoma, unajiandaa na mtihani ukiwa mtahiniwa wa kujitegemea, Jiografia uliiacha miaka mingi, na sasa hujui ukariri lipi kwanza: upande wa maumbile ya dunia au upande wa binadamu. Nakujibu kwa kirefu kwa sababu swali hilohilo niliwahi kuuliza, na jibu nililopewa lilinipotezea mwaka mzima.

Niliambiwa nizitenge. Muhula wa kwanza milima, mito na mvua, muhula wa pili kilimo, watu na miji. Nikawa na madaftari mawili yasiyojuana. Aina za mvua nilizitaja zote bila kukosea, lakini ungeniuliza kwa nini shangazi yangu analima kabichi na sisi kwetu hazistawi, sikuwa na jibu.

Mimi ni mzaliwa wa Mombo. Kwa asiyepajua, ni pale chini ya milima ya Usambara, ukitoka Korogwe kwenda Same, mahali barabara ya Lushoto inapochepuka na kuanza kupanda. Shangazi aliolewa Lushoto. Mama alikuwa anapanda kule alfajiri, ananunua kabichi, karoti na viazi kwa magunia, jioni anashuka navyo kuuza. Likizo moja mwalimu akaniazima ramani ya eneo letu, ya skeli ya 1:50,000. Nikaitandaza sakafuni na mama akakaa pembeni.

Skeli hiyo maana yake sentimita 2 kwenye karatasi ni kilomita 1 ardhini. Kontua zake, yaani mistari inayounganisha sehemu zenye mwinuko sawa, zilikuwa za kila mita 20 za kupanda. Kutoka Mombo hadi Lushoto unapanda karibu mita 1,000, kwa hiyo ni kama mistari 50 ya kuvuka. Kule tambarare mistari ilikuwa imeachana, unaweza kuweka kidole kati ya mmoja na mwingine. Ukielekea Soni ikabanana hadi penseli haipiti. Na barabara ile ambayo niliijua kwa kona zake na watoto wanaotapika kwenye basi, niliiona inajipindapinda katikati ya mistari ile, kwa sababu gari haliwezi kuikata moja kwa moja. Mama hakusoma zaidi ya darasa la nne, lakini aliweka kidole akasema, "Hapa ndipo gari huwa linachemsha." Alikuwa sahihi kabisa. Tangu siku hiyo sijawahi kukosea swali la kontua.

Baada ya hapo mambo yakaanza kuvutana yenyewe. Joto hupungua kwa wastani wa nyuzi 6.5 kila ukipanda mita 1,000. Mombo ikiwa nyuzi 30, Lushoto tegemea 23 au 24. Kabichi inataka ubaridi huo, na mama alikuwa anaishi kwa tofauti hiyo ya nyuzi chache. Sasa angalia mvua. Hewa yenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi inakutana na mlima, inalazimika kupanda, inapoa, mvuke wake unageuka matone. Amani, upande wa Usambara Mashariki, hupata karibu milimita 2,000 kwa mwaka. Ukizunguka nyuma, kuanzia Mkomazi kuelekea Same, hewa inashuka ikiwa imeshamwaga maji yake na inazidi kupata joto, kwa hiyo unakuta vichaka vya miiba. Hicho ndicho kivuli cha mvua.

Tambarare za Korogwe zilijaa mkonge, zao linalovumilia ukame na linalotaka mashamba mapana. Mkonge haukuwa wetu. Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche kutoka Florida mwaka 1893, ikafika hai 62 tu. Mwaka huohuo reli ilianza kujengwa kutoka Tanga. Mashamba yakahitaji mikono mingi, wakaletwa manamba, yaani vibarua wa mashambani, kutoka Kigoma, Songea na hata Msumbiji. Babu wa jirani yetu alikuja hivyo, ndiyo maana mtaa wetu ulikuwa na makabila mengi kuliko kijiji cha shangazi. Kwenye daftari langu hiyo ilikuwa mada ya "uhamaji", imeandikwa kwa sababu tano za kukariri, na hakuna hata moja iliyotaja mkonge.

Kwa hiyo usitenge. Anza na ramani, uipe hata wiki tatu, halafu hali ya hewa, halafu sura ya nchi. Kila mada ukiimaliza, jiulize watu wanaishije juu yake. Jua na sayari usizikalie sana. Mvua ipime mwenyewe: tafuta kopo lililonyooka pande zote, liweke mahali pa wazi mbali na mti na bati la nyumba, kila siku saa 3 asubuhi upime kina cha maji kwa rula. Milimita 1 ya mvua ni lita 1 ya maji kwenye kila mita moja ya mraba. Nilifanya hivyo mwezi mzima wa Aprili, na jedwali la mvua halikunitisha tena.

Najua mtihani ni wa Kiingereza. Elewa jambo kwanza kwa lugha unayoiwazia, maneno ya mtihani yatakuja juu yake. Watu wa pwani wanaosema kusi, kaskazi na bamvua tayari wameshajua nusu ya somo la pepo na maji kupwa na kujaa.

Kwako Dodoma mambo ni tofauti na ndiyo uzuri wake. Sisi tuna masika na vuli, ninyi mna msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, na kwa mwaka milimita 500 hadi 600 tu. Ndipo uone kwa nini mtama na uwele, kwa nini zabibu, ambazo huugua ukungu penye unyevu mwingi, zinakubali hapo, na kwa nini mpunga uko Bahi ambako maji hukusanyika bondeni. Kisha soma habari za Kondoa. Makorongo yalikuwa yameila ardhi, mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma ukaanza mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa kabisa katika eneo lililoharibika zaidi. Uoto ulirudi. Lakini wafugaji je, walikwenda wapi na ng'ombe wao, na nani alibeba gharama? Andika ukurasa mmoja kuhusu hilo, udongo na watu kwa pamoja, uubandike hapa. Nitausoma na kukusahihishia.