Jibu: Matundu ya kofia ya viua kuchanika baada ya kufuliwa

Ndugu, umeuliza kwa nini matundu ya kofia yako ya viua (kofia ya kushonwa kwa mkono, yenye vitundu vya mapambo) yanachanika ukiifua, na umesema unatoboa kwa ncha ya mkasi. Tatizo liko hapo: mkasi unakata nyuzi za kitambaa, na nyuzi zilizokatwa hazina pa kushika. Tumia shazia nyembamba, yaani ile sindano kubwa. Yenyewe inasukuma nyuzi pembeni bila kuzikata.

Kwanza fua kitambaa kiruke (kisinyae) kabisa kabla ya kuchora alama za matundu. Unganisha tabaka mbili kwa bandi, yaani mishono ya kushikiza, kisha zungusha bandi ndogo ndogo kila duara la tundu, milimita moja nje ya alama. Wengi huiruka hatua hii, halafu tundu linapanuka lenyewe. Ndipo utoboe moja, ulishone hapohapo, uende jingine. Ukitoboa kumi kwa pamoja, la mwisho litakuwa limeshajifunga.

Tundu la milimita 3 linataka mishono kama 14 iliyobanana. Vuta kwa nguvu ileile. Ukizidisha, kitambaa kinafinyana na kofia haikai wima. Uzi usizidi sentimita 40, mrefu unachakaa njiani. Usifunge fundo, pitisha mkia chini ya mishono. Tia kofia wanga mwishoni, ikauke juu ya kopo lenye mzunguko sawa na wa kofia.