Kwa ndugu aliyefiwa na kakake na mpaka leo hajalia

Ndugu yangu, wasema kakako amefariki miezi saba sasa, hujatoa hata chozi, watu wakusifu umejikaza, lakini usiku hulali, kifua chabana na watoto wakicheka tu washakukera. Wauliza kama huo ni uzima. Wacha nikwambie yalonipata mimi.

Babangu alifariki 2016. Mimi ndo mwanawe mkubwa, na huku Mombasa wajua maiti haikawii, alfajiri katutoka na baada ya adhuhuri tushamzika. Nlimwosha kwa mikono yangu, nkashuka kaburini kumpokea, nkatoka hapo moja kwa moja kwa mambo ya maturubai, viti, mchele, nani katoa nani bado, siku tatu za matanga sikukaa chini. Wazee wanipiga bega, "mwanamume huyo". Nami nkawaza, nikilia mimi mamangu atashikwa na nani?

Siku ya nne nko bandarini kwenye trela. Na kosa langu halikua kutolia mazikoni, siku ile mtu hufanya analoliweza. Kosa ni kwamba kila babangu akinijia kichwani namfukuza, nikipita Makupa penye duka alokua akininunulia viatu vya Idi naongeza sauti ya redio, hivyo hivyo mwaka mzima. Kichwa kikaanza kuuma, shingo ikakakamaa, nkapimwa presha, iko juu, 160 kwa 100, na nlikua na miaka 34. Moyo ukapimwa, mzima.

Halafu jioni moja mwanangu wa miaka sita akavunja kikombe cha babangu. Nlimkemea mpaka akajikojolea. Mke wangu hakusema neno, alizoa vigae akavifunga kwa leso akaniwekea mezani. Nlijifungia chooni nkalia mpaka isha ikaadhiniwa.

Mzee mmoja wa barazani kwetu Mji wa Kale nlipomweleza alinambia, Mtume mwenyewe alilia alipofiwa na mwanawe Ibrahim, sasa wewe wajizuia kwa ajili ya nani? Neno hilo lilinifungua.

Baadaye nkawa nasoma sana. Kuna wanasaikolojia wa Marekani, James Gross na Robert Levenson, 1997 waliwaonyesha watu filamu ya huzuni, wengine wakaambiwa wasionyeshe chochote usoni. Huzuni yao haikupungua hata kidogo, ila mishipa na moyo ndo vilikua vyafanya kazi zaidi. Nkaikumbuka ile presha yangu.

Kilichonisaidia ni daftari. Mwanasaikolojia mwingine, James Pennebaker, na mwenzake 1986 waliwaambia wanafunzi waandike yalowaumiza na walivyojisikia, dakika 15 kwa siku, siku nne, na miezi iliyofuata walikwenda kwa dokta mara chache kuliko wenzao waloandika mambo ya kawaida. Mimi nlimwandikia babangu barua, ndani ya trela tukisubiri foleni ya kontena. Nisikufiche, siku mbili za mwanzo nlizidi kuumia, na hata wale wanafunzi wakimaliza kuandika walikua na huzuni zaidi, kwa hiyo usiogope ukaacha. Ya tatu nkaandika kitu sijawahi kumwambia mtu, kwamba usiku wa mwisho alinipigia simu nkaona nitampigia asubuhi.

Hilo nkamwambia mke wangu. Na toka hapo badala ya "niko sawa" nasema jina la kitu, leo namkumbuka baba, leo nna hasira za kazini si zako.

Kuna mwenzio humu amekushauri upige mto au ukapige kelele baharini hasira zitoke. Hapo nakataa. Mimi nlipiga kelele kwenye trela madirisha yamefungwa nkafika nyumbani nimewaka zaidi, na mtafiti mmoja, Brad Bushman, alilipima hili 2002, waliopiga gunia wakimfikiria alowaudhi walitoka na hasira zaidi kuliko waliokaa kimya. Tembea, nenda kule baharini Mama Ngina utembee na mtu muongee, hiyo sawa.

Lakini kabla ya yote hicho kifua kapimwe wiki hii, usiseme ni majonzi tu. Kikionekana kizima na usingizi bado haurudi, muulize dokta akuelekeze kwa mshauri, wala hilo si wazimu. Na usiku wa leo watoto wakilala, mwambie mkeo kitu kimoja tu unachokumbuka kwa kakako, hata kiwe kidogo vipi.