Re: Nani huamua pesa za maktaba Kisumu?

Ndugu, umeuliza tupeleke wapi ombi la vitabu. Katiba ya Kenya ya 2010, Jedwali la Nne, iliweka maktaba chini ya kaunti, kwa hiyo anzeni na kaunti. Mpango wa maendeleo wa mwaka hufika bunge la kaunti kufikia Septemba 1, makadirio ya bajeti Aprili 30. Wengi hujitokeza Mei, mambo yakiwa karibu kukamilika. Pelekeni maoni ya maandishi mapema, nakala kwa MCA wenu (mwakilishi wa wadi katika bunge la kaunti). Msiandike "tusaidieni maktaba". Andikeni rafu ngapi, vitabu vya darasa gani, bei gani. Na ulizieni matumizi ya kawaida, yaani ya uendeshaji wa kila siku: jengo hupata pesa za maendeleo, kisha linakosa mhudumu na umeme. Hilo linauma sana.