Mshahara uliniondolea manung'uniko, haukunipa sababu ya kuipenda kazi

Ndugu mleta mada, umeuliza kama vijana wanaacha kazi kabla ya mwaka kuisha kwa sababu ya mshahara mdogo au kwa uvivu tu. Mimi nimefanya kazi katika ofisi mbili, na niliyoikimbia ndiyo iliyokuwa ikinilipa vizuri zaidi.

Katika ofisi hiyo niliandaa taarifa ya mauzo ya kila mwezi: nilikusanya takwimu za matawi yote, nikaziingiza kwenye jedwali, kisha nikamtumia mkuu wa idara ifikapo tarehe 5. Mwezi wa sita niligundua kwamba fomula ya jumla ilikuwa ikiruka mstari mmoja, yaani tawi zima halikuhesabiwa, na kosa hilo lilikuwa limedumu tangu mwezi wa pili. Nilitetemeka. Nilimwandikia mkuu wangu kumwomba radhi, nikaeleza kosa lilivyotokea na kuambatanisha taarifa zote nne zilizosahihishwa. Baada ya siku tatu nilipata jibu la neno moja: "Sawa." Hapo ndipo nilipotambua kwamba taarifa zangu hazikuwa na msomaji, na tangu siku hiyo nilikwenda kazini kama mtu anayekwenda kusaini daftari la mahudhurio.

Jambo hili si geni. Mwaka 1959 mwanasaikolojia wa Marekani, Frederick Herzberg, na wenzake walichapisha matokeo ya mahojiano yao na wahandisi na wahasibu wapatao 200 wa Pittsburgh. Waliona kwamba malipo duni, usimamizi mbovu na sera za kampuni huleta manung'uniko, lakini kuyarekebisha hayo hakutoshi kumfanya mtu airidhie kazi, kwa kuwa kuridhika hutokana zaidi na kazi yenyewe, kufanikiwa, kutambuliwa na kukabidhiwa wajibu. Wako waliompinga, wakisema kwamba mtu akisimulia mafanikio hujisifu, na akisimulia matatizo huwalaumu wengine. Hoja hiyo ina uzito, ila kosa la fomula lilikuwa langu mwenyewe, na kilichonivunja moyo ni kwamba halikumgusa mtu.

Hata hivyo, nisiudharau mshahara. Unauma zaidi pale unapoujua wa mwenzako, na mimi niliujua kwa bahati mbaya, kupitia hati ya malipo ya mwenzangu aliyeajiriwa baada yangu, iliyosahauliwa kwenye printa. Utafiti uliofanywa miongoni mwa wafanyakazi wa Chuo Kikuu cha California, uliochapishwa mwaka 2012, ulionyesha kwamba waliopata kujua kuwa wanalipwa chini ya wenzao wa kitengo kimoja waliridhika na kazi kwa kiwango cha chini kuliko wale ambao hawakujua, ilhali waliokuwa juu hawakuongeza furaha yoyote.

Katika ofisi ya pili msimamizi wangu, mama wa makamo asiye na maneno mengi, alivuta kiti siku ya kwanza akakaa kando yangu, akazungushia kalamu nyekundu tarakimu tatu, kisha akanipeleka ghalani nikaonane na mtu anayeagiza bidhaa kwa kutumia jedwali langu. Nikikosea, yule wa ghalani hupiga simu kabla ya saa nne asubuhi, tena kwa ukali. Huenda nikaonekana wa ajabu, lakini simu hizo nazipenda.

Kuhusu uvivu sina la kusema. Wavivu wapo katika kila umri. Ninachokiona mimi kikiwasumbua wa rika langu ni mikataba mifupi, maana ni vigumu kujifunza kazi kwa moyo wote ukiwa hujui kama utakuwepo miezi mitatu ijayo. Wangu unaisha baada ya wiki tano, na yule mama, ambaye hana mamlaka ya kuajiri, ameshawaandikia wakubwa mara mbili bila kujibiwa.