Usiing'oe injini ya Peugeot 404 ya mzee

Ndugu yangu wa Jinja, umeuliza kama ufunge injini ya Toyota katika Peugeot 404 aliyokuachia marehemu baba yako, kwa kuwa imelala bandani miaka mingi. Nakusihi usifanye hivyo: aina hiyo ilishinda Safari Rally mwaka 1963, na tena mfululizo kuanzia 1966 hadi 1968, na wapenzi wa magari ya kale huthamini injini ya asili kuliko rangi mpya. Mwaga petroli iliyoozea tangini, badilisha oili, kisha uizungushe injini taratibu kwa mkono kabla ya kuiwasha. Kagua sana sakafu na chini ya milango, maana kutu ndiyo huyamaliza magari haya. Mafundi wa Katwe, jijini Kampala, watakuchomelea bati palipoliwa na kutu. Mipira ya breki ibadilishwe yote.