Siku ya mapumziko Mombasa: mimi hufuata maji

Ndugu, umesema umehamia Mombasa kikazi, huna jamaa wa karibu, na kila siku yako ya mapumziko huishia kitandani na simu mkononi. Ukauliza sisi wenyeji huishindaje siku kama hiyo bila kumaliza mshahara. Wenzangu wamekutajia fuo na mahoteli. Mimi nakuhadithia Jumatano yangu iliyopita, maana wiki nyingi huwa hivyo hivyo.

Nina daftari la maji ya bahari, kujaa kwake na kupwa kwake. Babu yangu alikuwa mvuvi wa mshipi na hakuvaa saa maisha yake yote. Ukimuuliza maji yanajaa lini, naye hukuuliza, "Leo mwezi ngapi?" Hesabu yake ndiyo niliyoirithi. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa wa 15, hapa kwetu maji hujaa karibu na saa 10, alfajiri na alasiri, na hupwa karibu na saa 4, asubuhi na usiku. Kila siku inayofuata unasogeza mbele kiasi cha dakika 50. Siku za mwezi kuandama na za mwezi 15 ndizo za bamvua: maji hupanda na kushuka mita 3 na zaidi, miamba ikabaki mitupu. Mwezi ukifika 7 au 8 yanakuwa maji mafu, hayafiki mbali wala hayatoki mbali, mita 1 hivi tu. Mimi huandika saa niliyoyaona, upepo ulikuwa kusi au kaskazi, na chochote kilichonivutia macho. Basi.

Jumatano mwezi ulikuwa wa pili, kwa hiyo kupwa niliitarajia baada ya saa 4. Nilikuwa na shughuli moja tu ya lazima: kumpelekea leso khalati yangu, dada yake mama, aliyeko Likoni, ng'ambo ya kivuko cha feri. Nikanywa chai Kibokoni, Mji wa Kale, mahamri na mbaazi za nazi, kisha nikashika njia ya Mtaa wa Biashara.

Mtaa huo usiupite mbio. Leso huuzwa mbili zikiwa zimeungana. Ukishanunua, unampelekea fundi aliyekaa na cherehani yake pale pale nje, anazikata na kuzipinda huku unasubiri. Kusubiri kwenyewe ndiko ninakokupenda, kwa sababu nasoma majina ya leso zilizotundikwa. Kina mama hawachagui rangi peke yake. Nilimwona mmoja ameipenda nakshi ya leso fulani, akaigeuza akasoma jina lake, akairudisha kimya kimya. Akachukua nyingine yenye "Wema hauozi". Sijui alikuwa anampelekea nani, lakini jinsi alivyoikunja kwa uangalifu, nilijua huyo mtu anamhusu sana.

Feri nilifika saa 4 na nusu hivi. Wanaovuka kwa miguu hawalipi, na kivuko chenyewe ni kama mita 500. Sasa hapa ndipo daftari linapofaa. Maji yakiwa yamepwa, feri hutia nanga chini kabisa na ule mteremko wa kupandia huwa mrefu na mkali. Nilihesabu watu 3 wakisukuma mkokoteni mmoja wa magunia ya viazi, mwenye mkokoteni akiwa mbele, shingo imemtoka mishipa. Nikaingia kusaidia. Mtu akinituma kuvusha mzigo siku hizi, jambo la kwanza huangalia mwezi. Ukivuka na mzigo maji yakiwa juu, umempunguzia mwenzako kazi kubwa.

Khalati aliipokea leso, akaijaribu kichwani, akanikalisha mpaka baada ya adhuhuri kwa wali na mchuzi wa samaki chafi. Akaniuliza, "Mwanangu, bamvua imeshaingia?" Nikamwambia jana. Akasema magoti yalishamwambia. Hilo nimeliandika pia.

Nilirudi ng'ambo ya pili saa 9. Mama Ngina, bustani ya ukingoni mwa bahari, ni karibu na kivuko, waenda kwa miguu. Nikanunua mihogo ya kukaanga yenye pilipili na ndimu, nikakaa chini ya mbuyu kuangalia meli ikiingia bandari ya Kilindini, tagi, vile vimeli vya kuivuta, zikiwa ubavuni. Kisha nikashuka na mshipi wangu: ndoana 2, chubwi ya kuuzamisha, na vipande vya ngisi kwa chambo. Maji yanapojaa samaki huja na maji kutafuta chakula miambani. Palikuwa na mzee ambaye sote tunamwita Ami. Yeye hutupa mshipi, huufunga kwenye kidole cha mguu, akaendelea na tasbihi yake. Nilipata changu 2 wadogo, nikamrudisha mmoja.

Nikwambie kitu, na hiki nakiomba ukishike: usishuke miambani wakati maji yanajaa kama hujui utapandia wapi. Siku ya bamvua maji hayakungojei. Kaa alipokaa Ami, naye akikusanya vitu vyake, kusanya vyako.

Kilichonifurahisha zaidi jioni ile ni kunguru. Nilikuwa nimewaona asubuhi, kutoka juu ya feri, wametapakaa kwenye mwamba uliokauka wakidonoa kaa. Saa 10 walikuwa wamerudi nyuma hatua kwa hatua pamoja na maji, kila wimbi likija wanaruka jiwe moja juu. Jiwe la mwisho lilipofunikwa, wakaondoka wote kwa pamoja kuelekea mjini. Nimeishi hapa miaka yangu yote na sikuwahi kuliona hilo kabla sijaanza kuandika.

Kwa hiyo nunua daftari, hata la shule linatosha. Leo usiku toka nje uuangalie mwezi, uandike ni wa ngapi, halafu kesho ufike ukingoni wakati hesabu inapokwambia maji yamejaa. Tafuta jiwe moja au ngazi moja iwe alama yako, uandike maji yameifika wapi. Ukipita Mama Ngina siku ya Jumatano alasiri, tafuta mtu mwenye kofia nyeupe na ndoo ya samawati, uniamkie. Mshipi wa pili ninao.